Nyota mbili za SPSS: uhakiki wa jedwali tunaloliamini bila kulisoma



Kipindi cha kutetea kazi kimefika tena hapa Bukavu. Asubuhi unawaona vijana wakishuka kutoka Kadutu na Bagira, suti imepigwa pasi, viatu vizuri viko kwenye mfuko kwa sababu ya matope, mama anafuata nyuma na dada amebeba maua. Mimi napenda sana hiki kipindi. Mwaka huu nimeenda kusikiliza vikao vinne, kama ndugu na rafiki tu, nikikaa nyuma. Na katika vyote vinne kuna ukurasa mmoja uliokuwa unarudi kama kiitikio cha kwaya: jedwali la korelasio.

Leo nataka kulifanyia uhakiki jedwali hilo. Tumezoea kuhakiki riwaya, filamu, nyimbo. Lakini jedwali nalo ni maandishi. Lina mwandishi, lina msomaji, kuna neno linalosema na kuna neno linaloficha. Katika TFC na memwari zetu nyingi, njo linabeba hitimisho zima. Na kusema kweli, njo ukurasa unaosomwa vibaya kuliko zote, kuanzia na yule ambaye jina lake liko kwenye jalada. Nasema hivyo kwa kuwa jina langu pia liko kwenye jalada la namna hiyo. Nitafika huko.

1. Jedwali linavyozaliwa

Mwanafunzi amezunguka wiki tatu na dodoso lake, tuseme Panzi, Bagira ao Walungu. Amerudi na karatasi themanini, zingine zimelowa mvua. Anaingiza majibu katika Excel usiku, umeme ukikubali. Halafu anapeleka flashi yake kwa kijana mmoja ambaye kila mtu anamuita "mutu wa SPSS". Kijana anafungua faili, anaenda kwenye menyu ya Analyse, anateremka kwenye Corrélation, anachagua Bivariée, anasukuma vigezo vyote upande wa kulia, anabonyeza OK. Ni dakika mbili tu. Mazungumzo yanayofuata tunayajua wote:

— Yaya, angalia. Hii iko na nyota mbili.
— Njo kusema nini?
— Njo kusema iko muzuri. Andika "uhusiano mkubwa sana".
— Na hizi zenye hazina nyota?
— Hizo achana nazo.

Kabla ya kuendelea, niseme wazi kwamba simshambulii huyo kijana. Anafanya kazi aliyoombwa, tena kwa bei ambayo hainunui hata mifuko miwili ya makala. Lakini angalia kilichopotea katika mazungumzo hayo. Hakuna aliyeuliza data ilitoka wapi. Hakuna aliyeuliza namba katika safu zina maana gani. Hakuna aliyechora kitu. Nyota imechukua nafasi ya swali.

2. r ni kitu gani, kwa kalamu na karatasi

Ile namba tunayoiita r ni ya zamani kuliko kompyuta. Mfaransa Auguste Bravais alikaribia hesabu yake mwaka 1846. Mwingereza Francis Galton aliileta kwa jina lake mwaka 1888. Karl Pearson akaipa kanuni tunayotumia mpaka sasa katika miaka ya 1890, njo maana tunasema "r ya Pearson". Hawa wawili wa mwisho walikuwa wanapima urefu wa watu, baba na watoto wao. Tusisahau pia kwamba Galton na Pearson wote wawili walikuwa watetezi wa eujeniki, ile fikra ya kuchagua nani anafaa kuzaa na nani hafai. Kanuni yenyewe haina kosa. Lakini inatukumbusha kwamba mtu anaweza kuwa hodari sana wa kupima watu bila kuwasikiliza.

Tufanye hesabu moja kwa mkono. Chukua mama watano wa kubuni. Safu ya kwanza ni miaka waliyosoma shule: 2, 4, 6, 8, 10. Safu ya pili ni mara walizoenda kupimisha mimba, ile tunaita CPN: 1, 2, 2, 4, 4.

Wastani wa shule ni 6. Wastani wa CPN ni 2,6. Kwa kila mama, tafuta yuko mbali kiasi gani na wastani kwa upande wa shule, na mbali kiasi gani kwa upande wa CPN, halafu zidisha hizo mbili. Mama wa kwanza yuko chini ya wastani kwa 4 na kwa 1,6: hasi mara hasi inatoa 6,4. Endelea hivyo kwa wote, jumlisha, unapata 16. Hiyo 16 inasema: watu hawa wanapanda pamoja na kushuka pamoja. Inabaki kuigawa ili isitegemee vipimo. Jumla ya miraba ya tofauti za shule ni 40, ya CPN ni 7,2. Ukizidisha unapata 288, kipeuo chake cha pili ni karibu 16,97. Basi 16 gawanya kwa 16,97 ni 0,94.

Ni hayo tu. r inatembea kati ya −1 na 1. Ikikaribia 1, safu mbili zinapanda pamoja kwa mstari ulionyooka. Ikikaribia −1, moja ikipanda nyingine inashuka. Ikikaribia 0, hakuna mstari ulionyooka. Shika hilo neno "ulionyooka", tutalihitaji.

3. Mama wa sita

Sasa ongeza mama wa sita. Ameenda CPN mara moja tu. Kwenye swali la shule hakujibu. Mwenye kuingiza data, kama tulivyofundishwa, ameandika 99, maana yake "hakuna jibu". Lakini hakuiambia programu kwamba 99 si miaka.

Programu inafanya kazi yake kwa uaminifu. Wastani wa shule unaruka kutoka 6 mpaka 21,5. Mama watano wa kwanza, hata yule wa miaka 10, wote sasa wako chini ya wastani. Mmoja tu yuko juu, peke yake kama mtumbwi katikati ya ziwa. Rudia hesabu yote: r inakuwa −0,42.

Soma tena. Kutoka 0,94 mpaka −0,42, kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hakujibu. Hitimisho limegeuka miguu juu: "kadiri mama anavyosoma, ndivyo anavyopuuza CPN." Na hakuna taa nyekundu iliyowaka popote.

Hiyo njo hadithi ya memwari yangu. Niliuliza mama themanini, mitaa miwili ya juu. Saba hawakutaka kusema walisoma miaka mingapi. Niliandika 99, nikapeleka flashi. Jedwali lilirudi na alama ya kutoa mbele ya r na nyota moja pembeni. Nilishangaa kidogo, lakini nyota ni nyota. Nilikaa usiku mzima nikitafuta maelezo, na unajua mtu aliyesoma hakosi maelezo: niliandika kwamba mama waliosoma "wanajiamini kupita kiasi" na wanajinunulia dawa wenyewe. Kurasa mbili. Siku ya kutetea, juri ilinisahihisha namba za kurasa, namna ya kuandika bibliografia, na koma tatu. Juu ya jedwali, mjumbe mmoja alisema tu: "Matokeo ya kuvutia." Nikapata distinksio, tukanywa Fanta.

Miaka miwili baadaye, mdogo wangu mmoja aliniomba faili ili ajifunze. Nikaifungua mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikapanga safu ya shule kutoka ndogo mpaka kubwa. Chini kabisa: 99, 99, 99, 99, 99, 99, 99.

Nilipotoa hizo saba, alama ya kutoa ilitoweka. Uhusiano ulikuwa chanya, wa kiasi, kama vile nyanya yako angekuambia bila kompyuta.

Lakini lililoniuma si alama. Ni kwamba nilikumbuka sura za baadhi yao. Mmoja alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Nilipouliza "mama, ulisoma mpaka mwaka wa ngapi?", alicheka kidogo, akaangalia chini, akasema: "Mwanangu, hiyo iache." Sasa najua, na nilipaswa kujua siku ile: wengi wa wale walionyamaza walinyamaza kwa sababu hawakuingia shule hata siku moja, na waliona haya kumwambia mwanafunzi wa chuo kikuu. Na mimi, katika memwari yangu, nimewapa miaka 99 ya masomo kila mmoja. Nimewafanya maprofesa wa maprofesa, halafu nikawalaumu kwa kiburi.

4. Sufuri nayo inaweza kudanganya

Mtu atasema: sawa, hilo ni kosa la kuingiza data, tutafuta 99 na yataisha. Hapana. Hata data ikiwa safi kabisa, r inaweza kusomwa vibaya, na kwetu Kivu ya Kusini tuna mfano mzuri kuliko wa vitabu vya Ulaya.

Watu wa Idjwi wanajua habari ya goita, ule uvimbe wa shingo. Miaka ya 1960, watafiti waliofanya kazi na IRSAC, ile taasisi ya Lwiro ambayo leo tunaiita CRSN, walipima watu wa kisiwa hicho. Kati yao walikuwa Delange, Thilly na Ermans. Kila mtu alijua kwamba goita inakuja kwa kukosa iodini. Lakini walichokuta kiliwasumbua: iodini ilikuwa kidogo kisiwa kizima, na bado goita ilikuwa nyingi kaskazini, na kidogo sana kusini-magharibi.

Sasa fikiria mwanafunzi mwenye SPSS amepewa data ya namna hiyo. Safu ya iodini: wote wako chini, karibu sawa. Safu ya goita: wengine wanayo, wengine hawana. Anabonyeza. Kama safu moja haipandi wala haishuki, r haina cha kufuata, itakuja karibu na sufuri. Hakuna nyota. "Hizo achana nazo." Na ataandika katika hitimisho kwamba iodini haina uhusiano na goita. Huyo ameua ukweli kwa menyu mbili. Iodini ilikuwa sababu kweli. Ila, kwa kuwa ilikosekana kwa wote, haikuweza kueleza kwa nini huyu anaumwa na yule haumwi.

Wale watafiti hawakuishia kwenye sufuri. Waliuliza: kaskazini kuna kitu gani ambacho kusini-magharibi hakuna? Wakaangalia chakula, na maandishi yao ya 1968 na 1971 yalielekeza kidole kwenye muhogo. Muhogo usiotayarishwa vizuri unaacha sumu ambayo mwilini inageuka thiosianati, na hiyo inazuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. Ukosefu wa iodini uliweka mlango wazi, muhogo ukaingia. Jibu hilo halikutoka katika jedwali moja. Lilitoka kwa watu waliojua kisiwa na waliosumbuliwa na namba iliyokataa kuwapa walichotarajia.

5. Chora kwanza

Mwaka 1973, mtakwimu Francis Anscombe alitengeneza seti nne za data, kila moja na nukta kumi na moja. Katika zote nne wastani wa safu ya kwanza ni 9, wa safu ya pili ni 7,5, na r ni 0,816. Ukiangalia jedwali, ni mapacha wanne. Ukichora, ni watu wasiojuana. Ya kwanza ni wingu la nukta la kawaida linalopanda. Ya pili ni upinde, inapanda halafu inageuka. Ya tatu ni mstari ulionyooka kabisa, na nukta moja imekimbia. Ya nne ni nukta kumi zimesimama wima kama nguzo, na moja iko mbali peke yake, na hiyo moja njo inatengeneza r yote.

Ile ya nne ni jamaa ya mama wangu wa sita. Kama ningechora wingu la nukta kwa karatasi ya miraba, zile 99 zingeonekana upande wa kulia kabisa kama moshi wa Nyiragongo. Mtoto wa shule ya msingi angeuliza: "Hizi ni za nini?" Mchoro haungehitaji umeme, wala leseni, wala mutu wa SPSS.

6. Nyota inasema nini hasa

SPSS inaweka nyota moja pale p iko chini ya 0,05, na nyota mbili chini ya 0,01. Maana yake: kama kwa kweli hakungekuwa na uhusiano wowote, kupata r kubwa namna hii kwa bahati tu kungetokea chini ya mara 5, ao mara 1, katika mia. Nyota haisemi uhusiano ni mkubwa. Haisemi kimoja kinaleta kingine.

Na nyota inategemea sana idadi ya watu. Ukiwa na watu 10, unahitaji r ya karibu 0,63 ili upate nyota moja. Ukiwa na 100, 0,20 inatosha. Ukiwa na 400, hata 0,10 itapata. Sasa r ya 0,20 ukiizidisha kwa yenyewe ni 0,04: safu moja inaeleza asilimia 4 tu ya mabadiliko ya nyingine. Asilimia 96 iko kwingine. Huwezi kuandika juu ya hiyo "uhusiano mkubwa sana" na ukaenda kulala.

Halafu kuna ile tabia ya kusukuma vigezo vyote upande wa kulia. Vigezo 20 vinatoa jozi 190. Hata kama vyote ni namba za bahati nasibu, tegemea jozi tisa ao kumi zenye nyota. Ukichagua hizo na kuachana na zingine, umeokota mawe yanayong'aa mtoni, ukasema mto wote ni dhahabu. Sisi watu wa Kivu tunapaswa kuwa wa mwisho kudanganyika na hilo.

Na kuna la mwisho ambalo nimeliona mwaka huu mwenyewe: komini. Ibanda imeandikwa 1, Kadutu 2, Bagira 3, halafu r kati ya "komini" na mapato. Hiyo r haina maana yoyote. Badilisha mpangilio, weka Bagira 1, na namba inabadilika, wakati hakuna mtu aliyehama nyumba. Majina si vipimo. Hata majibu ya "sikubali kabisa" mpaka "nakubali kabisa" ni ngazi tu, hatujui kama hatua zake ziko sawa. Kwa ngazi, tumia r ya Spearman ya 1904 inayofuata nafasi, ao ile ya Kendall ya 1938. Ziko kwenye dirisha lile lile la SPSS, kisanduku cha pembeni. Hatuziweki alama kwa sababu hatujasoma dirisha.

7. Programu haina dhambi, ila ina tabia

SPSS ilianza mwaka 1968 kwa watu wa sayansi ya jamii, ili wasihangaike na hesabu. Kazi hiyo imeifanya vizuri, pengine vizuri kupita. R ilizaliwa New Zealand mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ni ya bure, ukiipakua mara moja kwenye intaneti unaweza kuwagawia wenzako wote kwa flashi. R ina adabu moja ninayoipenda: ukiandika cor(x, y) na kuna sehemu tupu, inakujibu NA. Inakataa kusema mpaka wewe mwenyewe uandike kwamba unataka kutumia majibu kamili tu. Inakulazimisha ujue kwamba kuna mtu hakujibu. Lakini ukiweka 99, hata R itadanganyika. Adabu ya programu inaishia pale uvivu wetu unapoanzia.

Kwetu kuna mtego mwingine, wa koma. Tunaandika 12,5 kwa Kifaransa, vitabu vya Kiingereza vinaandika 12.5. Katika Excel ya Kifaransa, 12.5 inaweza kuchukuliwa kama neno, na =COEFFICIENT.CORRELATION inaruka neno bila kukuambia. Unadhani una watu 80, unahesabu 61. Katika R, faili yenye koma na nukta-mkato inasomwa kwa read.csv2, si read.csv. Ni vitu vidogo. Lakini vinaamua nani anahesabiwa na nani anaachwa nje.

8. "Lakini mazingira yetu…"

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu mimi pia nimelitumia. Umeme hakuna. Somo la takwimu lilifundishwa ubaoni, bila kompyuta. Direkta wa kazi ana wanafunzi wengi mno. Kodi ya nyumba, vita, barabara. Yote ni kweli, na atakayeandika uhakiki wa vyuo vyetu bila kuyataja atakuwa anakosea heshima watu.

Ila angalia kinachohitajika. Kupanga safu kutoka ndogo mpaka kubwa ni bure. Kuchora nukta themanini kwa kalamu ni saa moja. Kumuuliza mwanafunzi siku ya kutetea "hawa walikuwa wangapi, na wasiojibu mliwaandika vipi?" ni sekunde kumi. Tuliambizana kwamba tatizo ni vifaa. Kwa sehemu kubwa ni haya, ile ile haya ya mama wa maharagwe: tunaogopa kuonekana hatujui.

Mnakumbuka kile kitabu cha Bukavu Series kilichotoka mwaka 2020, ambacho watafiti wa huku kwetu na wenzao wa Ubelgiji waliuliza kwa sauti nani anakusanya data, nani anahatarisha maisha vijijini, na jina la nani linaandikwa juu. Swali zuri, na lilihitaji ujasiri. Mimi naongeza moja, linatuhusu sisi wenyewe kwa wenyewe: na nani anahesabu? Tunalalamika kwamba watu wa mbali wanachukua majibu yetu wanayageuza namba bila kutuelewa. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa mama saba wanaokaa dakika ishirini kwa mguu kutoka kwetu.

Basi kwa wadogo zetu, nenda kwa mutu wa SPSS kama huna njia nyingine, lakini kaa pembeni yake. Mwambie kila kodi ina maana gani. Sehemu isiyo na jibu iache tupu, ao itangaze kama thamani inayokosekana katika ukurasa wa vigezo. Omba mchoro kabla ya jedwali. Andika idadi ya watu pembeni ya kila r. Andika pia zile zisizo na nyota. Na umshukuru kwa jina katika ukurasa wa shukrani, kwa sababu amefanya kazi. Kwa wakubwa zetu wanaokaa kwenye juri, koma za bibliografia zina umuhimu wake, lakini ulizeni pia kuhusu zile namba.

Na wale walionyamaza, msiwafute tu. Mimi niliwafuta ili r iwe safi, lakini baadaye niliwahesabu peke yao: karibu wote walienda CPN mara moja ao hawakuenda kabisa. Habari kubwa kuliko zote katika memwari yangu ilikuwa ndani ya sehemu zisizo na jibu, na hakuna r ambayo ingeniambia.

Nilirudi maktaba kuomba niingize karatasi moja ya masahihisho ndani ya kopi yangu. Aliyekuwa pale aliniangalia muda mrefu, akaniuliza: "Si uliisha kupata diplome? Unatafuta nini tena?" Nilimwambia kuna watu saba ambao niliandika uongo juu yao. Akanipa gundi.

Napendekeza chama chetu kitenge Jumamosi moja. Kila mtu alete data yake ya zamani, kalamu na karatasi ya miraba, tuchore pamoja, bila kuchekana. Ya kwanza kuchunguzwa iwe yangu.